Wakimbizi wa Kizungu waliotanguliza shule

MZAZI yeyote wa Mlolongo, Athi River au Kitengela ambaye amewahi kumtafutia bintiye shule ya bweni anazijua sifa za shule za masista. Huko, huambiwa, kuna nidhamu, kuna usafi, na msichana hufundishwa kushona kifungo chake mwenyewe kabla ya kufundishwa aljebra.

Shule hizo tumezizoea kuwa kazi ya Waitaliano na Waairishi. Masista wa Consolata waliwasili Kenya mwaka wa 1913 kutoka Italia, na wale wa Loreto wakatua mwaka wa 1921 kutoka Ireland. Majina yao yamo vinywani mwa akina mama na nyanya zetu hadi leo.

Lakini je, msomaji, umewahi kusikia habari za shule za Wapolandi? Wengi watatikisa kichwa. Hata hivyo, miaka themanini na ushei iliyopita, walikuwako Afrika Mashariki Wapolandi wengi, wakiwa na walimu wao, mapadri wao na maelfu ya watoto wa shule. Nao hawakuja kama wamishonari wala masetla. Walikuja kama wakimbizi, na wengi wao walishuka melini wakiwa hawana zaidi ya nguo walizovaa.

Baadhi yao walipita papa hapa. Reli ya zamani itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ile inayokatiza nyanda za Athi karibu na barabara ambapo malori yalikuwa yakipanga foleni ya mizani na, inasemekana, kuupa mji wa Mlolongo jina lake, ndiyo iliyowabeba wengi wa wale waliokuwa wakielekea Nairobi na Uganda.

Usiku wa kubishiwa hodi

Ili tuelewe walifikaje huku, yafaa turudi mwaka wa 1939. Mnamo Septemba 1, majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland kutoka magharibi. Siku kumi na sita baadaye, Septemba 17, majeshi ya Muungano wa Kisovieti yakaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa vipande viwili mithili ya mkate.

Katika kipande cha mashariki, kuanzia Februari 1940, askari wa Kisovieti walianza kuzoa jamaa nzima nzima. Walibisha hodi usiku, wakawapa watu muda mfupi wa kufunga virago, kisha wakawapakia kwenye mabehewa ya kubebea ng'ombe. Safari ilikuwa ya majuma kadhaa, na mwisho wake ulikuwa misitu ya Siberia au nyika za Kazakhstan.

Huko mamia ya maelfu ya watu walitiwa kazini kukata miti na kulima. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe, na mgao wa chakula ulitegemea kazi aliyoifanya mtu. Wazee na watoto wachanga ndio waliotangulia kufa.

Mambo yaligeuka Juni 1941, Ujerumani ilipomshambulia mshirika wake wa jana. Wasovieti, wakiwa sasa wanahitaji marafiki, walitia sahihi mkataba na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wafungwa wakaachiliwa, na Jenerali Władysław Anders akaruhusiwa kuunda jeshi la Wapolandi katika ardhi hiyo hiyo ya Kisovieti.

Mwaka wa 1942 jeshi hilo lilivuka Bahari ya Kaspi na kuingia Iran. Pamoja na wanajeshi walivuka raia wapatao 40,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wanaume waliendelea na safari kwenda vitani, na baadaye walipigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Nyuma walibaki mama, bibi, wajane na mayatima. Nani angewapokea?

Masista wa Isfahan

Hapa ndipo masista wanapoingia katika hadithi hii kwa mara ya kwanza. Katika mji wa Isfahan, nchini Iran, zaidi ya watoto 2,000 wa Kipolandi walikusanywa katika majumba na makao mbalimbali, na mojawapo lilikuwa nyumba ya watawa wa Kikatoliki. Kwa watoto waliokuwa wamelala miaka miwili katika mabanda ya Siberia, kupata kitanda chenye shuka kulikuwa kama ndoto.

Lakini Iran ilikuwa njia tu. Uingereza, ambayo ilikuwa na makoloni tele, ilikubali kuwapokea raia hawa katika nchi zake kadhaa. Kati ya watu 18,000 na 20,000 waliletwa Afrika Mashariki, Afrika ya Kati na Kusini. Wakatawanywa katika kambi zaidi ya 20, nyingi zikiwa Tanganyika, Uganda, Kenya na nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe.

Meli za kwanza zilitia nanga katika pwani yetu katikati ya mwaka wa 1942. Waliopangiwa Tanganyika kaskazini walipanda gari la moshi kuelekea Arusha, na waliopangiwa Uganda wakaishika reli ya Mombasa na Nairobi.

Kwa upande wa Kenya, kambi zilikuwa ndogo. Ilikuwako Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ilikuwako Rongai, katika Bonde la Ufa. Na ilikuwako Makindu, yapata kilomita 150 kutoka Mlolongo, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa bado ni la Wilaya ya Machakos. Makindu, inayojulikana na wasafiri wengi kwa hekalu lake la Kalasinga na chakula chake cha bure, ilikuwa kambi ya kupitia, mahali pa kungoja kabla ya kupelekwa kwingine.

Nairobi nayo ilikuwa makao ya ofisi zao. Mjumbe wa elimu wa serikali ya Poland ya London alikaa huko akisimamia shule za kambi zote, na magazeti ya Kipolandi yalichapishwa huko huko Nairobi na kutumwa kambini.

Tengeru, kijiji cha shule

Kambi kubwa kuliko zote Afrika ilikuwa Tengeru, kilomita chache mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru na kando ya Ziwa Duluti. Ilikuwa na wakazi wapatao 5,000. Walilala katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi, ambavyo vilikuwa vimejengwa na vibarua wa Kiafrika kabla ya wageni kufika.

Ungedhani watu waliotoka katika mateso kama yale wangepumzika kwanza. La hasha. Jambo lililotangulizwa kambini ni masomo ya watoto.

Sababu ilikuwa wazi. Watoto wengi walikuwa wamepoteza miaka miwili au mitatu bila kuingia darasani. Wako waliokuwa na umri wa miaka kumi lakini hawajui kusoma, na wengine waliokuwa wamesahau hata kushika kalamu. Mama zao walijua kwamba nyumba iliyochomwa hujengwa tena, bali utotoni hakurudiwi.

Vitabu havikuwapo. Mwanzoni walimu walifundisha kutoka kichwani, wakiandika ubaoni yale waliyoyakumbuka, nao wanafunzi wakinakili. Baadaye vitabu vya Kipolandi vilivyochapishwa Yerusalemu, ambako Wapolandi walikuwa na mitambo yao ya uchapaji, vilianza kufika kwa meli.

Walimu nao walikuwa haba. Wanaume wengi walikuwa vitani, hivyo kazi iliangukia wanawake. Aliyekuwa amesomea ualimu alifundisha, na ambaye hakusomea alifundishwa namna ya kufundisha.

Polepole Tengeru ikawa na shule ya chekechea, shule za msingi, na shule ya sekondari iliyowafikisha wanafunzi kwenye mtihani wao mkuu wa kumaliza masomo. Aidha kulikuwa na masomo ya kilimo, biashara na ushonaji. Kulikuwa na hospitali, maktaba, ukumbi wa maonyesho, na skauti wa kike na wa kiume waliopiga gwaride katika vumbi la Meru.

Katikati ya yote lilisimama kanisa. Ratiba ya shule ilifuata kalenda ya Kanisa, na dini ilikuwa somo kama hesabu. Kwa namna hiyo kambi nzima ilikuwa kama shule moja kubwa ya masista, ila hapa kuta zilikuwa za udongo.

Kanisa lililobaki Masindi

Huko Uganda, kambi mbili zilianzishwa: Koja, katika rasi iliyoingia Ziwa Victoria, na Nyabyeya, karibu na mji wa Masindi, kando ya msitu wa Budongo. Nyabyeya ilichukua zaidi ya watu 3,000, nayo pia ilikuwa na shule zake.

Msomaji aliyewahi kuteremka mteremko wa Mai Mahiu amekiona kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Basi Nyabyeya kuna ndugu yake mkubwa. Wakimbizi wa Kipolandi walijenga huko kanisa la matofali kati ya mwaka wa 1943 na 1945, wakaliweka chini ya jina la Bikira Maria Malkia wa Poland.

Kambi ilivunjwa, vibanda vikaoza, msitu ukarudi. Kanisa lilibaki, na Waganda wa eneo hilo waliendelea kusali humo. Katika eneo la iliyokuwa kambi kuna chuo cha misitu, ambako vijana wa Uganda hufundishwa kutunza miti.

Tengeru nako ni vivyo hivyo. Mahali palipokuwa na vibanda pana chuo cha mafunzo ya mifugo, na ndani ya eneo hilo mna makaburi ya Wapolandi karibu 150, yamezungushiwa ua na kutunzwa na wenyeji. Wengi waliozikwa hapo hawakuuawa na Afrika. Waliuawa na Siberia iliyowafuata ndani ya mapafu na matumbo yao.

Mwenyeji alipona?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, wenyeji wa Meru, wa Bunyoro na wa Ukambani walipona kutokana na ugeni huu?

Jibu la kweli lina pande mbili. Kwa upande mmoja, Waafrika walishangaa kuona Wazungu wa aina ambayo hawakuwahi kuiona. Wazungu hawa walilima bustani zao wenyewe, walifua nguo zao na kutembea kwa miguu. Wakoloni hawakufurahishwa sana na jambo hilo. Waliona heshima ya Mzungu itashuka machoni pa mwenyeji, ndiyo maana kambi nyingi ziliwekwa mbali na miji na mashamba ya masetla.

Kwa upande mwingine, milango ya shule hizo haikuwa wazi kwa kila mtoto. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Shule za Wazungu zilikuwa za Wazungu, za Wahindi zilikuwa za Wahindi, na za Waafrika, zile chache zilizokuwapo, zilikuwa za Waafrika. Mtoto wa Kimeru ambaye babake alikata nyasi za kuezekea darasa la Tengeru hakuingia katika darasa hilo.

Wala si haki kuwalaumu akina mama wa Kipolandi kwa sheria ambazo hawakuzitunga. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba ukarimu uliotolewa kwa wageni hao ulitoka katika ardhi ya watu ambao hawakuulizwa, na watoto wao walisubiri miaka mingi zaidi kupata sekondari yao. Wakati huo huo baba zao walikuwa wakipigana kwa niaba ya Mwingereza Uhabeshi na Burma.

Mayatima wa Padri Łucjan

Vita viliisha mwaka wa 1945, lakini ukimbizi haukuisha. Katika mkutano wa Yalta, Februari mwaka huo, wakubwa wa dunia walikubaliana mashariki ya Poland ibaki mikononi mwa Wasovieti. Julai, Uingereza ikaacha kuitambua serikali ya Poland ya London. Ghafla watu wa Tengeru wakawa hawana nyumba ya kurudi wala serikali ya kuwasemea.

Shirika la Kimataifa la Wakimbizi likachukua usukani mwaka wa 1947 na kuanza kuwatafutia nchi. Wengi walikwenda Uingereza kuungana na waume na baba waliokuwa wanajeshi. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Wachache walirudi Poland, na wachache zaidi wakabaki huku huku.

Tatizo lilikuwa mayatima. Nani angewachukua watoto wasio na mtu? Serikali mpya ya kikomunisti ya Poland ilidai warudishwe nyumbani. Wengi wa watoto hao, ambao walikumbuka vizuri ni nani aliyewatoa majumbani mwao, waliogopa.

Alikuwako Tengeru padri kijana Mfransisko, Łucjan Królikowski. Yeye mwenyewe alikuwa amepelekwa Siberia, akatoka na jeshi la Anders, na akapewa upadri Beirut mwaka wa 1946 kabla ya kuletwa Tanganyika. Mwaka wa 1949 alikubali kuondoka na watoto karibu 150, kwa meli hadi Italia, kutoka huko hadi Ujerumani, na hatimaye kuvuka Atlantiki hadi Kanada. Serikali ya Poland ilipiga kelele hadi Umoja wa Mataifa, ikidai watoto wake wametekwa nyara.

Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montreal alikuwa amekubali kuwapokea. Na hapo masista wakaingia tena katika hadithi. Wasichana walipelekwa katika shule za bweni za watawa za jimbo la Quebec, na wavulana katika shule za bweni za wavulana. Waliokuwa wamesoma Kipolandi chini ya Mlima Meru sasa walianza upya kwa Kifaransa, kwenye theluji.

Waliweza kwa sababu walikuwa na msingi. Darasa la udongo la Tengeru lilikuwa limewafundisha kusoma, kuhesabu na kukaa kwa utaratibu, na juu ya msingi huo masista wa Quebec walijenga. Padri Łucjan aliendelea kuwa kama baba yao, na alifariki mwaka wa 2019 akiwa na umri wa miaka 100.

Wapolandi wengine, shule nyingine

Kambi ya Tengeru ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa miongo mingi ilionekana kama hadithi ya Wapolandi na shule katika ukanda wetu imefika kikomo.

Lakini ukienda leo Kibeho, kusini mwa Rwanda, utakuta shule ya watoto wasioona inayoendeshwa na masista kutoka Poland, Wafransisko Watumishi wa Msalaba. Walifungua kazi hiyo katika miaka ya 2000, katika nchi iliyokuwa bado inajiuguza majeraha ya mauaji ya kimbari ya 1994.

Mwanzilishi wa shirika lao, Mama Elżbieta Róża Czacka, alipofuka akiwa na umri wa miaka 22. Badala ya kukaa akihurumiwa, alijifunza maandishi ya nukta, akaanzisha shirika mwaka wa 1918 na kujenga shule mashuhuri ya wasioona huko Laski, karibu na Warsaw. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri Septemba 2021.

Tofauti ya Kibeho na Tengeru ni moja, nayo ni kubwa. Kibeho, anayeketi darasani ni mtoto wa mwenyeji.

Funzo kwa wazazi

Leo gurudumu limegeuka. Kenya, nchi iliyopokea Wapolandi wa Makindu na Rongai, ndiyo yenye kambi za Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992. Humo wamezaliwa watoto ambao sasa ni wazazi. Wako wakimbizi pia katika mitaa ya Nairobi, na watoto wao huketi dawati moja na wetu.

Ni rahisi kusema kwamba mkimbizi ni wa kupita, hivyo apewe unga na hema, shule ingoje. Akina mama wa Tengeru wangetucheka. Wao pia waliambiwa ni wa kupita, wakakaa karibu miaka kumi. Lau wangengoja, watoto wao wangeshuka Kanada na Uingereza wakiwa watu wazima wasiojua kusoma.

Na kwa mzazi wa Mlolongo anayehesabu karo kila muhula na kujiuliza kama kweli inafaa, hadithi hii ina jibu lake pia. Nyumba za akina mama wale zilitwaliwa, mashamba yalitwaliwa, hata nchi ilisogezewa mipaka. Kitu pekee walichokibeba watoto wao kutoka Siberia, Isfahan, Tengeru hadi Montreal bila afisa yeyote wa forodha kukipekua ni kile walichofundishwa darasani.